Tuskegee hawakudungwa kaswende: uzushi wa chanjo unaozunguka wodini

"Tuskegee waliwadunga weusi kaswende, na chanjo ni mwendo uleule." Anayewafundisha wauguzi weusi na wasaidizi wao katika hospitali na nyumba za wazee za Marekani, wakiwemo Wakenya na Wasomali wengi, hamalizi wiki bila kuisikia. Inatoka kwa watu wanaochoma sindano kutwa nzima. Si kweli.

Katika utafiti unaojulikana kwa jina la Tuskegee, mji wa Alabama, hakudungwa mtu kaswende. Kuanzia 1932 hadi 1972, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 600 hivi wa Macon County, Alabama: 399 walikuwa na kaswende tayari, 201 hawakuwa nayo. Waliambiwa wana "damu mbaya", wakapewa chakula na ahadi ya kugharimiwa mazishi iwapo maiti itapasuliwa. Kuchomwa uti wa mgongo ili kupima maji yake kuliitwa matibabu maalumu ya bure. Mwishoni mwa miaka ya 1940 penisilini ilikuwa dawa ya kawaida ya kaswende. Wao walinyimwa, na madaktari wa jirani wakapewa majina yao ili wasiwatibu. Walioambukizwa makusudi na watafiti wa idara hiyohiyo ni wafungwa, askari na wagonjwa wa akili wa Guatemala, 1946 hadi 1948. Visa viwili vimefanywa kimoja.

Kwa nini kung'ang'ania? Kwa sababu ukinyoosha kisa, maana yake inageuka. Uovu wa Tuskegee ulikuwa kuwanyima weusi dawa inayoponya. Muuguzi anayekataa chanjo kwa jina la Tuskegee anajinyima kwa mkono wake.

Meneja naye asishangilie. Imani hairudi kwa bango la muuguzi mweusi anayetabasamu, maana aliyekuwa akiwachukua wanaume wale kwa gari na kuwabembeleza wasijitoe alikuwa Eunice Rivers, muuguzi mweusi. Simulia kisa chote bila kukilainisha, Rivers akiwemo. Kisha eleza kilichofuata: sheria ya utafiti ya 1974, bodi za maadili, ridhaa baada ya kuelezwa. Halafu fungua kipeperushi cha chanjo iliyo mezani, muulize mwenzako ni kitu gani humo kinamtia wasiwasi, na unyamaze. Wengi wetu hushindwa hapo pa kunyamaza.

Uzushi wa wakubwa: "Hawa ni wahudumu wa afya, hawahitaji kuelezwa." Mpishi, mfua mashuka na msaidizi wa usiku hawajasomea kingamwili. Ukifungua kliniki ya chanjo saa nne asubuhi, wa usiku wameshalala. Fungua saa moja, zamu zinapopokezana. Na asiyelipwa siku ya kuugua ataogopa homa ya siku moja kuliko ugonjwa wenyewe, nawe utaandika kwamba hana imani.

"Chanjo ya mafua iliniletea mafua." Ya sindano haina kirusi hai. Kinga huchukua wiki mbili kujengeka. Anayeambukizwa katikati huilaumu sindano.

"Zote zina nguruwe." Baadhi zina jeletini ya nguruwe, kama ile ya mafua inayopulizwa puani. Za korona za mRNA, yaani za Pfizer na Moderna, hazina.

Kisha kuna wanaopandisha mkono wa shati wakiulizwa kuhusu chanjo ya hepatitisi B, ugonjwa wa ini unaoenezwa kwa damu: "Nilichanjwa utotoni, alama hii hapa." Hiyo ni BCG, ya kifua kikuu! Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya hepatitisi B mwaka 2001, kwa hiyo aliyezaliwa kabla asijihesabie kinga. Sindano yenye damu ya mgonjwa wa hepatitisi B ikimchoma asiyechanjwa, hatari ya kuambukizwa ni asilimia 6 hadi 30. Kwa VVU ni takriban asilimia 0.3. Dozi kwa kawaida ni tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na miezi sita baada ya ile ya kwanza. Umepitwa na ya pili? Endelea ulipoachia, usianze upya. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya tatu, pima kingamwili. Kipimo kikiwa chini ya 10 mIU/mL, unachanjwa tena. Mwajiri wa Marekani analazimika kukupa chanjo hii bure ndani ya siku 10 za kazi tangu uanze kazi inayokugusanisha na damu. Ukikataa utasaini karatasi, lakini haikufungi: ukibadili nia mwakani ungali kazini hapo, bado ni bure.