Cheti cha mnoa mikasi kipime nini, na pesa ya vifaa iende wapi

Vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi hii ya kunoa mikasi huniuliza maswali mawili: ninunue mashine gani, na cheti nitakipata wapi. Karibu kila mara mashine ndiyo inayotangulia. Mimi huwarudisha kwenye mkasi wenyewe, kwa sababu asiyejua mkasi unakataje atauharibu hata kwa mashine ya mamilioni.

Chukua mkasi mzuri wa fundi cherehani, ule mzito wa inchi 10. Ufunge, uuinue kwenye mwanga wa dirisha na uutazame kwa ubavuni. Karibu na skrubu mabapa yamegusana, nchani yamegusana, lakini katikati kuna upenyo mwembamba unaopitisha mwanga. Wengi wakiuona wanadhani mkasi umepinda. Umetengenezwa hivyo kwa makusudi. Kila bapa limekunjwa kidogo kumwelekea mwenzake, na upande wake wa ndani umechimbwa kwa kina kidogo sana, ili unapokata makali yakutane mahali pamoja tu kwa wakati mmoja, na pahala hapo pasafiri kutoka kwenye skrubu mpaka nchani. Upenyo ule ukiisha, kitambaa kinaingia katikati ya mabapa na kukunjwa badala ya kukatwa.

Nyuma ya skrubu, kuelekea kwenye vishikio, kuna kieneo chenye umbo la nusu mwezi ambapo mabapa yanasuguana. Wateja hawakijui kabisa. Hicho ndicho kinachoyasukuma makali yakutane. Kikiliwa na kutu, au mtu akikisaga akidhani anasafisha, mkasi utalegea hata ukikaza skrubu mpaka kidole gumba kiume.

Ukishayajua hayo utaona kwa nini naumia nikipokea mkasi uliolazwa kwenye gurudumu upande wa ndani. Fundi mmoja wa Makoroboi, hapa Mwanza, aliniletea mkasi wa chuma kizuri cha Kijerumani ulionolewa kwa mtindo huo. Mikwaruzo ya gurudumu ilikuwa imekatiza bapa lote kwa ndani, na mchimbo ulikuwa umefutika kuanzia katikati hadi nchani. Tulipojaribu satini, sentimita chache za mwanzo zilikatika safi, kisha kitambaa kikalala katikati ya mabapa na kutoka kimekunjamana. Hakuna kinoo cha kurudisha mchimbo ule. Kazi hiyo inataka gurudumu maalumu na mkono uliofundishwa, na chuma kilichokwisha kuliwa hakirudi.

Tuje kwenye vifaa sasa. Adui wa kwanza ni kasi. Grainda ya kawaida ya mezani, kwa umeme wetu wa hezi 50, inazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Ikivalishwa jiwe la kipenyo cha milimita 150, ukingo wa jiwe unapita juu ya chuma kwa zaidi ya mita 22 kila sekunde. Ncha ya mkasi ni nyembamba, joto halina pa kukimbilia. Ukizidisha kidogo tu rangi zinaanza kujitokeza kwenye chuma: manjano hafifu, kahawia, zambarau, mwisho bluu. Kwenye chuma cha kaboni bluu hiyo inamaanisha joto limefika karibu nyuzi 300 za Selisiasi, na ugumu umeshuka. Mteja anaondoka na mkasi mkali, lakini haupiti muda ncha imekufa, na anaamini chuma ni kibovu.

Ndiyo maana nawaambia watu watafute gurudumu la polepole linaloogea kwenye maji. Tormek, kampuni ya Sweden, inatengeneza mashine yenye jiwe la milimita 250 linalozunguka mara 90 kwa dakika. Hapo ukingo unatembea mita moja na kidogo kwa sekunde, na maji yanabeba joto. Ina pia kishikizo cha mikasi kinacholiweka bapa katika pembe ileile mwanzo hadi mwisho. Kwa mtu anayeanza, bei yake ni nzito. Lakini unachokihitaji ni mwendo mdogo, maji na kishikizo, na hayo fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kukuundia. Mota ya mizunguko 1,450 yenye puli ya sentimita 5, ikivuta puli ya sentimita 40, inakupa mizunguko kama 180. Hakikisha jiwe lenyewe limetengenezwa kuhimili maji, na weka kinga ya chuma kulizunguka.

Jiwe lolote, kabla ya kulifunga kwenye mhimili, lining'inize na uligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Jiwe zima linalia wazi. Likitoa sauti ya kufa lina ufa, na jiwe lenye ufa likiwa kwenye kasi linapasuka na kuruka vipande. Miwani ya kukinga macho ivaliwe kila siku, hata kwa mkasi mmoja.

Pembe ya mkasi ni butu kuliko ya kisu. Kisu cha jikoni hunolewa nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Mkasi wa kawaida wa nguo unakaa karibu na nyuzi 60, tena upande wa nje peke yake. Paka wino wa makapeni kwenye makali ya zamani kabla hujaanza. Jiwe likigusa mara moja utaona wino umefutika wapi, na utajua kama unafuata pembe ya kiwandani au umebuni ya kwako. Ukimaliza, upande wa ndani unabaki na uzi mwembamba wa chuma uliojikunja. Usifunge mkasi kabla ya kuuondoa, utakwaruza bapa la pili. Lilaze bapa kwa ndani kwenye kinoo laini cha namba 3000 na ulivute mara chache bila kukandamiza. Kwa kuwa pamechimbwa, yatagusa makali na mgongo tu, nawe utauona mstari mwembamba unaong'aa kando ya makali. Mstari huo ukianza kunenepa, acha mara moja.

Makali ya mkasi wa nguo yasing'arishwe kupita kiasi. Mikwaruzo midogo ndiyo inayokishika kitambaa. Ukiifuta yote, satini na shifoni zinateleza kwenda mbele badala ya kukatika. Kampuni ya Wolff ya Marekani ina mashine iitwayo Twice as Sharp, yenye gurudumu la kunolea na lingine la kumalizia, na wapya wengi hupenda kulala kwenye lile la pili kwa sababu mkasi unatoka unapendeza.

Mikasi ya saluni ni kazi nyingine kabisa. Ile ya Kijapani ina makali yaliyovimba kwa nje, hayana mteremko ulionyooka, na imekusudiwa kuteleza kwenye nywele. Chuma chake kina ugumu wa 58 hadi 62 kwa kipimo cha Rockwell, na bei hufika dola mia kadhaa. Ukiunyoosha uvimbe ule kwa jiwe la mshonaji, mkasi utakata, lakini hautateleza tena. Huu hunolewa kwa vinoo vya maji, kutoka namba 1000 hadi 8000, mkono ukizunguka kufuata uvimbe. Jaribio lake ni tishu iliyoloweshwa: ikatike mpaka nchani bila kukunjwa wala kuvutwa. Kisha fungua mkasi ukae kama herufi L na uachie kishikio kimoja. Kinapaswa kushuka taratibu na kusimama kabla hakijafunga. Kikianguka moja kwa moja, skrubu imelegea. Kikigoma kabisa, umeikaza mno.

Hayo yote ndiyo ninayotaka cheti kiyapime. Ujerumani wanafanya hivyo: kunoa zana za kukatia ni fani ya uanagenzi wa miaka mitatu na nusu, ambayo tangu 2018 imewekwa chini ya jina Präzisionswerkzeugmechaniker, yaani fundi wa zana za usahihi, na anayemaliza anaweza kuendelea hadi ngazi ya umeister, yaani fundi mkuu. Ndiyo nchi iliyotunga sheria mwaka 1938 ya kulinda jina la mji wa Solingen lisiandikwe ovyo kwenye visu na mikasi. Marekani msusi lazima awe na leseni ya jimbo, lakini anayenoa mkasi wake hadaiwi leseni ya fani. Pengo hilo wanoaji wenyewe wamelijaza kwa kuunda National Beauty Sharpeners Guild, chama cha wanaonoa zana za saluni, ambako mwanachama huonyesha kazi yake kwa wenzake.

Kipo pia cheti cha aina nyingine, kinachotolewa na muuza mashine baada ya mafunzo ya siku chache. Sikidharau, mafunzo mengine ni mazuri. Ila ujue kinashuhudia kwamba umefundishwa mashine ile. Kabla hujalipa, uliza jambo moja: mtahini atashika mkasi nilionoa na kuukata, au nitapewa cheti kwa kuhudhuria? Kama ni kwa kuhudhuria, pesa hiyo ni bora ununulie vinoo na mikasi ya mitumba ya kujifunzia.

Kwa Tanzania, njia ninayoishauri ni ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, chini ya utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi aliyejifunzia kazini hutathminiwa kwa vitendo na mahojiano, mapungufu yake yakazibwa, na cheti kinachotolewa kinatambulika. Mnoaji anayejua magurudumu, tupa na vipimo aombe kupitia ufundi mitambo. Aliyelelewa kwenye cherehani aombe kupitia ushonaji. Kenya upo mtihani wa fani wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, unaoanza daraja la III kupanda hadi la I. Hakuna kati ya hivyo kinachotaja mkasi kwenye jina lake, lakini vyote vinapima mkono, na ndivyo utakavyoonyesha ukiomba kazi ya kunolea kiwanda cha nguo au mkopo wa vifaa.

Jiandae kwa tathmini kwa kutunza kumbukumbu za kazi. Piga picha za mkasi kabla na baada, upande wa nje na wa ndani, kwa karibu. Andika pembe uliyotumia na vinoo ulivyopitia. Hifadhi vipande vya kitambaa ulivyokatia majaribio, ukionyesha nchani palikatika vipi. Nenda pia na mkasi mmoja uliokataa kuunoa, na uwe tayari kumweleza mtahini kwa nini ulimrudishia mwenyewe ulivyo.