Moyo hauhitaji mazoezi ya kukata pumzi

Imani kwamba zoezi lisilomkata mtu pumzi haliufai moyo imedumu, ingawa tangu mwaka 1953 mtafiti wa afya Jerry Morris na wenzake walionyesha kuwa makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi kutwa wakikata tiketi, waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa kitini. Madereva walikuwa wanene zaidi, ni kweli, lakini unene haukueleza tofauti yote. Kutembea kwa haraka kila siku, kiasi cha kuweza kuzungumza lakini si kuimba, husaidia kushusha shinikizo la damu. Na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020, unaopendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, uliondoa hata sharti la awali kwamba kila zoezi lidumu angalau dakika 10 mfululizo.