Je, wajua kwa nini filimbi za Andes husikika kama hazijapatana sauti?

Anayesikia kwa mara ya kwanza kundi la Waaymara wapigao zampoña, filimbi ya matete yaliyofungwa pamoja kwa safu, kutoka Puno nchini Peru au ng'ambo ya Ziwa Titicaca upande wa Bolivia, hudhani filimbi hazikupimwa vizuri. Wengine humlaumu fundi, wengine baridi. Lakini baridi hushusha sauti za matete yote kwa pamoja, kwa hiyo haiwezi kuzitenganisha. Na fundi hukata matete kwa vijiti vya kupimia. Tofauti ile ndogo hutakiwa, na kundi lisilo nayo huonekana limepwaya.

Kwanza, muundo. Zampoña hugawanywa kwa watu wawili: ira, kwa kawaida matete 6, na arka, matete 7. Noti hupishana kati yao, hivyo hakuna anayeweza kupiga wimbo mzima peke yake. Husemwa kwamba mgawanyo huu ni wa kuokoa pumzi kwenye mwinuko wa mita 3,800. Maelezo matamu, ila kwenye mwinuko huohuo hupigwa pia tarka, filimbi ya mti ambayo kila mpigaji anazo noti zote.

Sasa sauti yenyewe. Tete limezibwa chini, kwa hiyo urefu wake ni takriban robo ya wimbi. Sentimita 19.5 hutoa mitetemo kama 440 kwa sekunde. Ongeza milimita 1.3 tu, inashuka hadi 437. Yapulize yote mawili pamoja: sauti itavimba na kunywea mara 3 kila sekunde. Tazama indiketa za magari mawili kwenye foleni. Zinawaka pamoja, moja inaanza kuchelewa, zinafika mahali zinapokezana kabisa, kisha zinarudi kuwaka pamoja. Mawimbi yakikutana hivyo huongezeana nguvu, yakipishana hufutana. Kadiri tofauti inavyokua, ndivyo mzunguko unavyoharakishwa. Ukipita mara 15 hivi kwa sekunde, sikio huacha kuhesabu na kusikia mkwaruzo. Ukizidi sana, ni noti mbili tofauti, na hapo kweli mmeharibu.

Wapigaji wakiwa 20, kila noti hupulizwa na 10, yaani jozi 45 zinazovimba kila moja kwa mwendo wake. Hakuna pigo moja linalosikika. Kinachobaki ni sauti nene inayometameta, ambamo mpigaji mmoja hatambuliki. Huko Conima, Puno, anayesikika peke yake amekosea, hata kama noti zake ni sahihi.

Zampoña zilizopimwa kwa mashine hukosa unene huo. Dawa ni punje chache za mchele ndani ya tete: zinafupisha nafasi ya hewa na kupandisha sauti. Anza na chache, tena kwa filimbi moja tu kati ya mbili zenye noti ileile. Ukizijaza zote sawasawa, umerudi ulikoanzia.