“Teaspoon” iliyoandikwa kwenye dawa ya mtoto si kijiko cha kabatini

Bibi mmoja alirudi kwenye dirisha letu la dawa na mjukuu wake wa kilo 10, homa haijatulia. Tulipomaliza kuamkiana akaniambia, “Nimempa kijiko kimoja, mwanangu, kama mlivyosema.” Nikamuuliza, “Kijiko kipi, bibi?” Akafungua pindo la khanga, akatoa kijiko cha kulia wali.

Nilikijaza maji kwa bomba la sindano mbele yake. Mililita 5, hata nusu hakijafika. Nikaongeza 5, kisha 2 nyingine, ndipo kikajaa. Dawa ilikuwa parasetamoli ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5, kwa hiyo mtoto aliyestahili miligramu 120 alikuwa ananyweshwa 288. Alikuwa amepewa mara mbili tu. Daktari alimwangalia, akamkuta salama. Bibi hakuwa na kosa. Sisi ndio tuliomwambia “kijiko” tukaishia hapo, na lebo ilikuwa na neno la Kiingereza, teaspoon, ambalo hakuna aliyemfafanulia.

Neno hilo lina maana mbili, na ndipo tatizo linapoanzia. Maana ya kwanza ni chombo: kijiko kidogo cha kukorogea chai. Waingereza walianza kukitengeneza wakati chai ilipokuwa ghali na vikombe vyake vidogo, na wauza dawa wakakichukua kuwa kipimo chao. Wakati huo kilibeba chini ya mililita 4. Vikombe vilipokua, vijiko navyo vikakua. Maana ya pili ndiyo tunayoitumia sisi wafamasia leo: mililita 5 kamili. Ukisoma teaspoon kwenye chupa, usiwaze chombo kabisa, soma namba 5.

Mwenzake ni tablespoon, kijiko kikubwa cha mezani, ambacho kwenye dawa ni mililita 15. Yakifupishwa, moja huandikwa tsp na jingine tbsp. Herufi moja tu imeingia katikati, na dozi imekuwa mara tatu.

Kiswahili chetu nacho hakitusaidii sana hapa. Kijiko ni udogo wa mwiko, kama kijiti kilivyo udogo wa mti, na jina hilo halisemi ni kidogo kiasi gani. Cha sukari ni kijiko, cha uji ni kijiko, cha pilau ni kijiko. Halafu kuna ile “1x3” tunayoiandika juu ya bahasha. Kwa vidonge inaeleweka vizuri: kimoja, kutwa mara tatu. Kwa dawa ya maji, hiyo moja ni moja ya nini?

Hata mwenye kijiko halisi cha chai hayuko salama. Watafiti wa Ugiriki walipima vijiko vya chai vya majumbani na kuchapisha matokeo mwaka 2010: kidogo kabisa kilibeba mililita 2.5, kikubwa 7.3. Maana yake mtoto wa nyumba moja anapata nusu ya dawa, na wa nyumba nyingine dozi iliyozidi karibu nusu yake. Ikiwa ni antibayotiki, anayepata nusu haponi vizuri. Mwaka 2015 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitaka dawa za maji za watoto ziandikwe kwa mililita peke yake. Mimi nakubaliana nacho moja kwa moja.

Kuna mahali kijiko bado kinatumika kwa lazima, nako ni maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha pale pakiti ya ORS isipopatikana: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vyote visawazishwe juu kwa mgongo wa kisu, visiwe na kilima. Chumvi ikizidi, inamdhuru mtoto ambaye tayari amepungukiwa maji.

Kwa dawa, ombeni bomba la kupimia lisilo na sindano hapo hapo dirishani, na mwambieni anayewahudumia aweke alama ya kalamu kwenye mstari wa dozi. Tikisa chupa, vuta mpaka kwenye mstari, ondoa mapovu, kisha mpe mtoto taratibu kwa upande wa ndani wa shavu. Ukilenga kooni atapaliwa. Baada ya hapo lioshe kwa maji safi na ulitunze pamoja na chupa. Kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa kinafaa pia, ila kiweke mezani na uinamishe macho yalingane na mstari. Ukikishika juu mkononi utasoma vibaya.

Na ukigundua umemzidishia parasetamoli, mpeleke mtoto kituo cha afya mara moja pamoja na chupa na kijiko ulichotumia. Usidanganyike kwa kuwa anacheza. Ini linaweza kuwa linaumia na mtoto asionyeshe dalili yoyote kubwa kwa siku nzima, ilhali dawa ya kuzuia madhara hayo hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu alipozidishiwa.