Sumu ya Wadudu, Maziwa na Kimeng'enya cha Paraoksonesi: Maswali na Majibu

Paraoksonesi ni nini?

Ni kimeng'enya kinachotengenezwa na ini na kuzunguka katika damu kikiwa kimebebwa na chembechembe za lehemu nzuri. Huvunja baadhi ya sumu za jamii ya oganofosfeti, ikiwemo paraoksoni iliyokipa jina.

Oganofosfeti ndizo zipi?

Ni viuatilifu ambavyo wakulima wa mchicha huvipulizia bustanini, na ambavyo hapa Dar es Salaam watu huvinunua vikiwa vimemiminwa katika chupa za maji ya kunywa, ati ni dawa ya kunguni. Huzuia kimeng'enya kingine, kolinesterasi, chenye kazi ya kuzima ishara ya neva ikishafika kwenye msuli au tezi. Ishara isipozimwa, mate, machozi na jasho humtoka mgonjwa bila kukoma, mboni za macho husinyaa, misuli hutetema, na mapafu hujaa majimaji hadi anazama akiwa nchi kavu.

Kwa kuwa mwili una kinga hiyo, je, tunaweza kumpa maziwa aliyekunywa sumu hii na kusubiri?

Hapana. Maziwa hayaongezi paraoksonesi wala hayaivunji sumu. Sumu nyingi za kundi hili huyeyuka katika mafuta, na maziwa yana mafuta, hivyo huenda yakaisaidia sumu kuingia mwilini. Aliyeanza kulegea hupaliwa, yakaingia mapafuni. Kila mara tunapouliza kwa nini mgonjwa amechelewa, jibu ni lilelile: walikuwa wakitafuta maziwa.

Hata kidogo tu, wakati bajaji inakuja?

Hata kidogo. Wala msimtapishe.

Mbona alikunywa asubuhi na bado anaongea vizuri?

Klopairifosi na diazinoni, kwa mfano, huwa hazijawa kali zinapoingia mwilini. Ini lenyewe ndilo linalozigeuza kuwa sumu kamili, na paraoksonesi hupambana hasa na sumu hiyo iliyokwisha kugeuzwa. Kuongea vizuri, basi, si dalili ya kupona. Mleteni akiwa bado anaongea.

Tulipulizia godoro, kuku wakafa, sisi tukabaki wazima. Si ina maana haituwezi?

Ndege wana paraoksonesi kidogo mno katika damu, ndiyo maana walitangulia. Mtoto mchanga naye anayo kidogo kuliko mtu mzima, na watu wazima wenyewe hutofautiana kwa kurithi. Mnayemlaza juu ya godoro hilo ndiye mwenye kinga ndogo kuliko wote nyumbani.

Hospitali ina nini ambacho nyumbani hakipo?

Ina oksijeni, mashine ya kupumulia, na atropini ya kukausha majimaji ya mapafuni. Ipo pia pralidoksimu, inayoweza kuing'oa sumu kwenye kolinesterasi, lakini muungano huo hukomaa kadiri saa zinavyopita, na kwa baadhi ya sumu hizi hukomaa ndani ya saa chache tu. Ukishakomaa haung'oki tena. Saa hizo ndizo zinazopotea dukani kwa muuza maziwa.

Tufanye nini kabla ya kuondoka?

Mvueni nguo zilizolowa na kumwosha ngozi kwa maji mengi na sabuni, mikono yenu ikiwa na glavu au mifuko ya plastiki, ilimradi kuosha kusicheleweshe safari. Mlazeni kwa ubavu. Chupa ije pamoja naye, na kama alikunywa kwa makusudi, semeni hivyo mapokezini. Kulificha jambo hilo kwa kuona aibu hutufanya tutibu malaria.