Mkao kwanza, rangi baadaye: kutengeneza mjusi wa majabali nyumbani

Wazazi wanaoniuliza kuhusu kutengeneza wanyama na watoto nyumbani huanza na rangi: ninunue zipi, za bei gani. Huwa nawarudisha nyuma. Rangi ni kazi ya mwisho, na mnyama aliyekaa vibaya haokolewi na rangi. Nafundisha kazi za mikono kwa watoto wa awali na wa msingi hapa Mwanza, na kila kundi jipya naanza nalo kwa mnyama ambaye wote wanamfahamu, kwa sababu wanapishana naye kila siku juu ya mawe: mjusi kafiri.

Huyu wa kwetu ni wa pekee. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, limebeba jina la mji wetu. Dume ana kichwa, shingo na mabega mekundu yanayokaribia waridi, na kuanzia hapo kwenda chini ni bluu iliyokolea. Jike ni kahawia, ukimtafuta juu ya jiwe unaweza usimwone. Kabla ya kushika mkasi, mpeleke mtoto akamtazame. Ukiweza vukeni hadi Saanane, kisiwa ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 2013. Kama huwezi, jabali la nyuma ya nyumba linatosha. Muulize maswali: kifua kiko wapi? Miguu ya mbele imekunjwa au imenyooka? Mkia na mwili, kipi kirefu? Atakuambia kifua kimeinuka, miguu ya mbele imesimama, nyuma kumelala, mkia umeuzidi mwili kwa urefu, na kila baada ya muda kichwa kinapanda na kushuka. Mtoto aliyeyaona haya kwa macho yake hachori tena ile soseji yenye miguu minne.

Sasa mifupa. Chukua boksi gumu la dukani, kata umbo la mwili likiwa bapa, kichwa na kiwiliwili kwa pamoja. Viringisha gazeti kwa ajili ya mkia, huku ukilikaza zaidi kuelekea nchani. Miguu ni bainding waya, ile ya kufungia nondo: kipande kimoja kinapita chini ya mabega, kingine chini ya nyonga, na ncha zote unazikunja kwa koleo zisimchome mtoto. Funga kila kitu kwa uzi au vipande vya wavu chakavu. Msimamishe mezani. Sukuma kifua juu, lalisha mkia. Kama hapa bado hafanani na mjusi, rekebisheni sasa, maana vipande vya gazeti tutakavyombandika kwa gundi vikishakauka juu yake hakuna kurekebisha.

Gundi ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na hapa Kanda ya Ziwa haina sababu ya kununuliwa. Tunao unga wa muhogo. Koroga kikombe kimoja cha unga na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Chemsha vikombe vitatu vya maji, punguza moto, mimina mkorogo ule taratibu huku mwiko ukizunguka. Baada ya muda mfupi weupe unafifia, uji unaanza kung'aa na kuvutika. Hapo chembe za wanga zimenyonya maji ya moto zikavimba, na ndizo zitakazoshika karatasi; unga uliokorogwa kwa maji baridi tu haufiki hapo, ukikauka unabanduka. Ngano nayo inafaa. Sembe siipendekezi, chenga zake zinabaki kama mchanga chini ya karatasi. Tia kijiko cha chumvi kuchelewesha ukungu, epua, na uji upoe kabisa kabla mtoto hajaingiza mkono. Ukichacha, mwaga, pika mwingine.

Gazeti lichanwe kwa mkono, lisikatwe kwa mkasi. Ukingo uliochanika una nyuzinyuzi zinazolala na kujificha, ule wa mkasi unaacha ngazi ambayo hata rangi haiifichi. Utagundua pia kwamba gazeti lina upande unaochanika ukanyooka na upande unaokwenda ovyo. Fuata ule ulionyooka, upate vipande vya upana wa vidole viwili. Tabaka la kwanza tumia kurasa nyeusi na nyeupe, la pili kurasa za rangi, ili mtoto aone mwenyewe wapi hajafunika. Kila tabaka likate njia ya lililotangulia. Manne yanatosha.

Kukausha kunahitaji subira. Mweke kivulini penye upepo, juu ya chekecheke ili hewa ipite chini. Jua kali la mchana linakausha ngozi ya juu wakati ndani bado mbichi, na boksi linapinda. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, usizidishe tabaka moja kwa siku. Mgonge kwa kucha: sauti ikiwa butu, bado.

Ndipo rangi. Anza na nyeupe ya maji, ile ya ukutani iliyobaki baada ya kupaka nyumba, mwili mzima. Kwa bluu, saga bluu ya kufulia uchanganye na kidogo ya ile nyeupe. Nyekundu nunua kikopo kidogo. Mabegani pakeni rangi zote mbili zikiwa mbichi ziingiane, kwa sababu mjusi mwenyewe hana mstari pale. Jike hahitaji duka: udongo mwekundu uliochekechwa na gundi nyeupe. Malizia kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, mende na panya wasiunuse unga.

Njia hiihii inazaa wanyama wengine, mradi mkao ubadilike. Mnandi, kwa mfano, ni mabawa yaliyotandazwa: manyoya yake hulowa anapozamia samaki, ndiyo maana husimama juu ya mawe ya ziwani akiyaanika. Sato ni umbo bapa la boksi, na magamba yake ni ya kweli. Yaombe kwa wanaoparua samaki pale Mwaloni, Kirumba, yaoshe kwa sabuni na ndimu, yaanike. Yabandike kuanzia mkiani kwenda kichwani, kila safu ikifunika mizizi ya ile ya nyuma yake.

Na wapo wanaotaka magugu maji kwa kusuka, kwa kuwa yakikauka yanasukika vizuri. Nawasihi, msiwatume watoto kuingia ziwani kuyavuta. Konokono wanaobeba kichocho hukaa kwenye majani hayohayo, na vimelea huingia kupitia ngozi ya mtu aliyesimama majini. Kwa singa za simba au mkia wa nyani, maganda makavu ya mgomba yanatosha: yaloweke kidogo yalainike, yachane nyuzinyuzi, yafunge mafungu kwa uzi kabla ya kuyabandika.