Je, wajua kwa nini sensa ya Marekani huuliza safari yako ya kazini huanza saa ngapi?

Kila mwaka Ofisi ya Sensa ya Marekani huchagua anwani kama milioni 3.5 na kuzipelekea dodoso refu ambalo kisheria ni lazima lijibiwe. Mengi yaliyomo ni ya kawaida: umri, elimu, kipato, idadi ya vyumba. Kisha huja maswali yanayowafanya baadhi ya watu wakunje uso. Wiki iliyopita ulifanyia kazi wapi, tena kwa anwani kamili? Ulikwenda kwa gari, basi, treni, baiskeli au kwa miguu? Kama ni gari, mlikuwa wangapi ndani? Safari ilichukua dakika ngapi? Na kwa miaka mingi lilikuwapo hili pia: kwa kawaida hutoka nyumbani saa ngapi kwenda kazini?

Wapo waliolilalamikia hilo la mwisho, na huwezi kuwalaumu. Mgeni anayetaka kujua nyumba yako hubaki tupu kuanzia saa ngapi hakaribishwi kwa tabasamu popote. Mwaka 2019 maneno yalibadilishwa. Sasa huulizwa safari ya kwenda kazini ilianza saa ngapi. Kinachotafutwa ni kilekile. Na anayekihitaji zaidi si polisi wala mtoza kodi. Ni mtaalamu wa mipango ya usafiri anayejaribu kukadiria barabara fulani itabeba magari mangapi miaka 20 ijayo.

Maswali ya safari ya kazini yaliingia katika sensa ya nchi hiyo mwaka 1960. Kabla ya hapo, mji uliotaka kujua watu wake wanasafirije ulilazimika kutuma wahojaji nyumba kwa nyumba. Detroit na Chicago zilifanya hivyo katika miaka ya 1950, na kutokana na kazi hizo ndipo ilipozaliwa namna ya kukokotoa safari ambayo miji mingi duniani ingali inaitumia. Lakini kuhoji mji mzima ni gharama kubwa. Mwaka 1962 sheria ya barabara kuu ilisema kwamba mji wenye watu zaidi ya 50,000 hautapata fedha za serikali kuu za barabara bila kuwa na mpango wa usafiri unaohuishwa mara kwa mara. Ghafla mamia ya miji ikahitaji takwimu ambazo haikuwa na uwezo wa kuzikusanya yenyewe. Sensa ilikuwa tayari inabisha hodi kila mlango.

Kwa hiyo maswali yakaongezwa kidogo kidogo. Muda wa safari uliingia mwaka 1980, saa ya kuondoka ikaingia 1990. Majedwali maalumu ya usafiri yalianza kutengenezwa kutokana na sensa ya 1970, na tangu 1990 yanajulikana kwa kifupi CTPP. Sehemu yake yenye thamani kubwa ni jedwali moja kubwa linaloonyesha wanaolala mtaa huu na kufanya kazi mtaa ule ni wangapi, kwa kila jozi ya mitaa.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulikosea. Sensa haihesabu safari. Haijui kama jana ulipitia shuleni kumshusha mtoto au jioni ulizunguka sokoni. Inachojua ni wewe ni nani, unaishi wapi, una gari au huna, na riziki yako iko upande gani wa mji. Safari zenyewe hutengenezwa na modeli, yaani hesabu za kompyuta zinazouiga mji, kutokana na hayo.

Kazi huanza kwa kuukata mji vipande vidogo, kila kipande kikiitwa kanda. Kwa kila kanda modeli hukadiria safari zinazoanzia hapo kwa kuangalia kaya: zina watu wangapi, wanaofanya kazi ni wangapi, magari ni mangapi. Kaya isiyo na gari husafiri tofauti kabisa na yenye mawili. Marekani nzima, kaya zisizo na gari ni kama asilimia 8 tu. Ndani ya jiji la New York ni zaidi ya nusu. Ukichukua wastani wa nchi ukaupeleka Manhattan, umeharibu hesabu kabla hujaianza, na ndiyo maana takwimu za kila mtaa hugombaniwa.

Baada ya hapo modeli hugawa safari hizo: zinaelekea wapi? Kanuni ya kawaida ni kwamba kanda yenye ajira nyingi huvuta watu wengi, na mvuto huo hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Unapungua kwa kasi gani, hakuna nadharia itakayokuambia. Mtaalamu hulirudia lile jedwali la wanaolala hapa na kufanya kazi kule, akarekebisha kanuni yake hadi safari za kwenye kompyuta zilingane kwa urefu na zile ambazo watu wenyewe wamezitaja. Kisha zinabaki hatua mbili: watu watatumia chombo gani, na watapita njia ipi. Hiyo ya mwisho kompyuta huirudia tena na tena, ikihamisha magari kutoka barabara iliyojaa kwenda isiyojaa, mpaka hakuna dereva anayeweza kuokoa muda kwa kubadili njia.

Kwa nini basi kazi, na si safari nyingine? Safari za kwenda na kurudi kazini ni chini ya moja ya tano ya safari zote za Wamarekani. Lakini zina tabia mbaya ya kutokea kwa pamoja. Upana wa barabara na idadi ya mabehewa huamuliwa kwa kuangalia saa yenye foleni kuliko zote, si saa nane usiku, na hiyo saa ya foleni wenyewe ni wafanyakazi. Pia ni safari ambayo mtu huikumbuka bila kufikiri sana, jambo ambalo mtunga dodoso yeyote hulithamini.

Huikumbuka, ila kwa makadirio. Ukichora dakika za safari kama watu walivyozijibu, utaona minara mirefu kwenye 15, 20, 30 na 45, na mabonde katikati. Ni nadra mtu kuandika 23. Saa za kuondoka ni vivyo hivyo: saa moja kamili, saa moja u nusu, saa mbili kamili, kana kwamba milango yote ya mji hufunguliwa kwa kengele moja. Mgeni wa kazi hii huiona ile minara akadhani amegundua tabia ya wasafiri, kumbe amegundua tabia ya wanaojaza fomu. Wazoefu huyapanga majibu katika makundi mapana kabla ya kuyalinganisha na chochote.

Kasoro nyingine imejificha ndani ya swali lenyewe. Swali linataka njia unayoitumia kwa kawaida, na kama ni zaidi ya moja, utaje ile inayochukua sehemu kubwa ya umbali. Anayeendesha gari hadi kituoni kisha akapanda treni anahesabiwa wa treni, na gari lake, ambalo asubuhi hiyo lilichangia foleni ya kuingia kituoni, halionekani. Anayekwenda kwa baiskeli siku mbili na kwa gari siku tatu ni wa gari. Mwenye kazi mbili anahesabiwa ile kubwa tu. Kwa maoni yangu wapanda baiskeli ndio wanaodhulumiwa zaidi na neno hilo “kwa kawaida”, kwa sababu wengi wao huchanganya.

Uchaguzi wa chombo, kwa kweli, ndio ulioleta kisa mashuhuri kuliko vyote katika fani hii. Treni za BART zilipokuwa zinakaribia kuanza kazi eneo la San Francisco mwaka 1972, makadirio rasmi yalisema zingechukua asilimia 15 ya safari za kazini. Mwanauchumi Daniel McFadden na wenzake waliwahoji wafanyakazi kabla ya treni kuanza, wakaunda modeli ya namna mtu mmoja mmoja anavyopima muda, nauli na usumbufu, wakapata asilimia 6.3. Treni zilipoanza, ikawa 6.2. McFadden, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2000, amekiri kwamba kukaribia kiasi hicho kulikuwa pia na bahati. Hata hivyo funzo lilishika: usiulize mtaa utafanya nini, uliza mtu wa aina gani atafanya nini.

Na hapo ndipo sensa ilipopata kazi mpya. Modeli za siku hizi zinataka orodha ya watu mmoja mmoja: mama wa miaka 34, watoto wawili, gari moja, kazi upande wa pili wa mto. Sensa haiwezi kutoa orodha hiyo. Sheria inamtishia mfanyakazi wake anayevujisha taarifa za mtu kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi dola 250,000. Kwa hiyo wataalamu huwaumba watu wasiokuwepo.

Njia yake ni ya kupendeza, nami nitaionyesha kwa namba za mfano. Tuseme jumla za sensa zinasema kanda ina kaya 100: za mtu mmoja 50, za watu wengi 50, zisizo na gari 40, zenye gari 60. Hazisemi walio peke yao na bila gari ni wangapi. Lakini ofisi hiyohiyo hutoa sampuli ya kumbukumbu zilizofichwa utambulisho, za eneo kubwa lenye watu wasiopungua 100,000. Katika kaya 20 za sampuli hiyo unakuta za mtu mmoja ni 4 bila gari na 4 zenye gari. Za watu wengi ni 2 bila gari na 10 zenye gari. Unaanza na uwiano huo. Unauvuta ili kaya za mtu mmoja ziwe 50 na za watu wengi 50: sasa zisizo na gari zinafika 33.3, pungufu. Unazivuta hizo hadi 40, na zenye gari unazishusha hadi 60. Basi kaya za mtu mmoja zimepanda hadi 52.5. Unarudi kuzirekebisha, halafu unarudi tena kwenye magari. Kila mzunguko kosa linapungua, na baada ya mizunguko michache jumla zote zinatimia. Kisha unanakili kaya za sampuli mpaka kanda ijae.

Hesabu hii iliandikwa mwaka 1940 na wanatakwimu Deming na Stephan, wakishughulikia sensa ya mwaka huo, bila kuwaza habari za foleni. Ilisubiri zaidi ya miaka 50 kabla ya watafiti wa maabara ya Los Alamos kuitumia kuijaza miji ya kwenye kompyuta kwa wakazi.

Tatizo linalowaumiza kichwa wanaotumia takwimu hizi leo ni uchache wa majibu. Hadi mwaka 2000, takriban kaya moja kati ya sita ilijaza dodoso refu siku ya sensa. Baada ya hapo dodoso hilo lilifutwa, na nafasi yake ikachukuliwa na utafiti unaofanyika mwaka mzima, kila mwaka, ambao wengi huuita kwa kifupi ACS. Ndio huo unaopeleka lile dodoso la anwani milioni 3.5. Faida ni kwamba huhitaji kusubiri miaka 10. Hasara ni kwamba ili upate takwimu za mtaa mdogo lazima uchanganye miaka mitano, na hata ukichanganya, kwa wastani ni kama anwani moja kati ya nane iliyochaguliwa. Maeneo yenye watu 65,000 au zaidi ndiyo pekee yanayopata takwimu kamili za mwaka mmoja. Kwa barabara iliyofunguliwa katikati ya miaka hiyo mitano, unapata picha iliyochanganya kabla na baada.

Ongeza ulinzi wa faragha. Katika majedwali ya CTPP, wasafiri kuanzia 1 hadi 7 kati ya kanda mbili huandikwa 4, na wanaozidi hapo hukadiriwa kwa tano tano. Jozi za kanda zenye watu wachache ni nyingi mno, na ukijumlisha zile 4 za kubuni mara mia kadhaa, jumla yako haitalingana na ile iliyochapishwa kwa eneo zima. Anayejua hilo huchukua jumla zilizochapishwa moja kwa moja, hajumlishi vipande mwenyewe.

Halafu ikaja korona. Mwaka 2020 waliojibu walipungua kiasi kwamba ofisi haikutoa takwimu zake za kawaida za mwaka mmoja, ikatoa za majaribio tu. Mwaka 2021 waliofanyia kazi nyumbani walikuwa asilimia 17.9 ya wafanyakazi, kutoka 5.7 mwaka 2019. Modeli zilizokuwa zimefundishwa kwa jedwali la zamani zilianza kuwapeleka mjini watu waliokuwa sebuleni kwao.

Wengi sasa hukimbilia data za simu za mkononi, ambazo huona hata ile safari ya shuleni. Simu lakini haisemi mwenyewe ana kipato gani wala kama ana gari, na mitaa mingine ina simu nyingi kwenye sampuli kuliko mingine. Kwa hiyo kinachofanyika ni kukisia kila simu hulala wapi, kisha kuipa uzito kulingana na idadi ya wakazi wa mtaa huo. Na idadi hiyo inatoka sensa.